Msiyagawe Madaftari ya Mwalimu: Barua ya Wazi kwa Serikali za Kaunti za Kitui na Makueni

Kwa Waheshimiwa Magavana wa Kitui na Makueni, kwa Maspika na Wawakilishi Wadi wa mabunge yote mawili, na kwa mawaziri wa kaunti wanaosimamia utamaduni.

Waheshimiwa,

Tunawaandikia tukiwa na msiba. Mwenzetu aliyekuwa akikusanya nasi historia ya Ukambani ametutoka, na tumekwisha kumzika. Alikuwa mwalimu mstaafu wa shule ya msingi, mzaliwa wa upande wa Kitui aliyeolewa Makueni, na kikundini sote tulimwita Mwalimu, hata wale waliomzidi umri. Vijana walimwita Mwaitu, yaani mama. Familia yake imetuomba tusiliandike jina lake hadharani, nasi tumekubali.

Hatuombi rambirambi. Mlikuja, mlitufariji, tumeshukuru. Tunawaandikia kwa sababu ya masanduku manne ya bati yaliyobaki chumbani mwake. Ndani yake mna madaftari ya shule aliyoyajaza kwa mkono, kanda za sauti za wazee wa kaunti zote mbili, na bahasha za picha. Wakati wa matanga, watu wenye nia njema walitoa pendekezo kwamba madaftari ya Kitui yapelekwe Kitui, ya Makueni yabaki Makueni, ili kila upande uwe na chake. Pendekezo hilo lilipigiwa makofi. Sisi tuliofanya kazi naye tunawasihi mlikatae, na tungependa kueleza ni kwa nini.

Mwalimu hakusomea historia chuo kikuu. Aliijua kazi hii kwa kuifanya, na aliifanya kwa adabu ambayo sijaiona kwa watafiti wengi wanaokuja na magari. Akifika kwa mzee hakutoa daftari. Alikaa, akala alichopewa, akauliza habari za mifugo na mvua, akajieleza yeye ni wa ukoo gani na mama yake alitoka wapi. Daftari lilitoka mkobani pale tu mzee mwenyewe alipouliza, "Mbona huandiki?"

Kila ukurasa aliugawa kwa mstari wa penseli. Kushoto aliandika maneno ya mzee kwa Kikamba kama yalivyomtoka kinywani, bila kuyanyoosha. Kulia aliandika maswali yaliyobaki: nani mwingine alikuwapo, kijito hicho kiko wapi, hayo yalitokea kabla au baada ya njaa ipi. Baadaye, wakati mwingine baada ya miaka, alirudi kwenye ukurasa uleule akajibu swali lake kwa wino mwekundu na kutia tarehe pembeni. Kuna daftari moja lenye rangi tatu za wino katika ukurasa mmoja, kwa kuwa wazee watatu wa pande mbili za Mto Athi walisimulia jambo lilelile kwa namna tatu, naye hakumfuta hata mmoja. Kinasa sauti chake kilikuwa cha kanda. Betri zikichoka alizianika juani juu ya jiwe, kama tunavyofanya wote huku, kisha akamwomba mzee aendelee pale alipoachia.

Mzee asiyejua mwaka aliozaliwa aliulizwa swali moja tu: ulizaliwa yua gani, yaani njaa gani? Waheshimiwa, nyinyi ni watoto wa Ukambani, mnajua kwamba kwetu kila njaa kubwa ina jina, na majina hayo ndiyo kalenda ya wasiosoma. Ngomanisye ndiyo ile ya mwishoni mwa karne ya 19, 1898 na 1899, iliyowakuta watu wamekwisha kupoteza ng'ombe kwa sotoka, ikaandamana na ndui, ikatapakaa kila mahali. Yua ya Ndeke ni ya 1961, kiangazi kilipofuatwa na mafuriko, barabara zikakatika na chakula kikaja kwa ndege. Yua ya Atta ni ya 1965, na jina lake lilitokana na unga wa msaada. Nikw'a Ngwete ni ile ambayo mtu alikuwa na pesa mkononi na dukani hakuna cha kununua. Wengine huiweka 1980, wengine 1984.

Mwalimu alizipanga njaa hizi katika jedwali refu lenye safu mbili, moja ya Kitui na nyingine ya Makueni. Yapo majina yanayofanana pande zote mbili. Yapo mengine ambayo Kitui inayajua na Mbooni haiyajui. Zipo njaa zilizoanza ng'ambo moja ya mto na kufika ng'ambo ya pili baada ya msimu mzima. Kwa jedwali hilo aliweza kumwambia mama mzee wa Mutomo umri wake kwa kukisia, akikosea mwaka mmoja au miwili tu. Kwa jedwali hilo pia aliweza kujua ni simulizi ipi imetangulia na ipi imefuata. Sasa chukueni safu ya kushoto mpeleke Kitui mjini, na ya kulia mpeleke mji wa Wote, Makueni. Mtakuwa na karatasi mbili zisizosema lolote.

Hicho ndicho kiini cha ombi letu. Kazi ya Mwalimu haikuwa rundo la habari za Kitui na rundo jingine la habari za Makueni. Alichokuwa akifanya ni kuuliza swali moja pande mbili na kuyalinganisha majibu. Historia yenyewe ndiyo iliyomlazimisha. Wazee wetu wanasema watu walitoka Nzaui, wakakaa Mbooni, na kutoka Mbooni baadhi wakavuka Athi kwenda kuanzisha Kitui. Koo zilizoko Mbooni ndizo zilizoko Kitui, na mzee wa Kitui akihesabu mababu zake, hesabu hiyo humrudisha ng'ambo ya mto bila kuombwa. Mipaka ya kiserikali ni ya juzi. Makueni ilikuwa sehemu ya Machakos mpaka mwaka 1992 ilipofanywa wilaya, na kaunti zenyewe ni matunda ya Katiba ya 2010. Mwalimu aliviheshimu vyeo na mipaka, lakini hakuruhusu mpaka wowote uingie katika madaftari yake.

Chukueni habari za Kivoi. Vitabu vya shule vinatwambia kwamba mmisionari Johann Ludwig Krapf alifika Kitui mwaka 1849 na tarehe 3 Desemba akauona Mlima Kenya. Vinataja kidogo kwamba alikuwa mgeni wa Kivoi, mfanyabiashara mkubwa wa misafara ya pembe za ndovu, na kwamba Krapf aliporudi mwaka 1851 Kivoi aliuawa karibu na Mto Tana. Mwalimu alikiheshimu kitabu cha Krapf kama ushahidi wa mtu mmoja. Kisha akaenda kuuliza maswali ambayo Krapf hakuyauliza: nani walibeba pembe hizo, nani walibaki wakilima wanaume wakiwa safarini, maji yalipatikana wapi njiani. Msafara wa kutoka Kitui kwenda pwani ulipanda Yatta, ukavuka Athi, ukapita Kikumbulyu, katika Kibwezi ya leo. Majina ya mahali pa kulala na pa kuteka maji yamo katika madaftari ya pande zote mbili. Ukiyagawa, unaukata msafara wa Kivoi katikati ya mto.

Naomba radhi kwa kusimama kidogo juu ya jambo ambalo Mwalimu alilipenda kuliko yote, yaani namna Makueni ilivyokaliwa. Mpaka miaka ya 1940 sehemu kubwa ya nchi hiyo ilikuwa pori la mbung'o na vifaru. Milima ya Mbooni na Kilungu ilikuwa imejaa watu, udongo unakwenda na maji, na serikali ya kikoloni ikaamua kufungua makazi mapya kule chini. Mwindaji John Hunter alitumwa kuwaondoa vifaru, na kati ya 1944 na 1946 aliwaua karibu 1,000. Hunter aliandika mwenyewe habari zake, zikasomwa mbali na huku. Waliokifyeka kichaka hicho kwa panga na shoka hawakuandikwa na mtu.

Mwalimu aliwatafuta. Nilikuwa naye siku mzee mmoja karibu na Wote alipotutembeza shambani kwake. Alikuja akiwa mtoto, ameshika mkia wa punda wa baba yake kutoka Mbooni. Alikumbuka milio ya bunduki kwa mbali na nyama ya kifaru iliyoanikwa mitini. Alikumbuka vizuri zaidi hofu ya watu wazima: wengi walikataa kuhamia wakiamini kwamba Wazungu wanataka wasafishiwe ardhi kisha waichukue. Alikumbuka masharti, idadi ya mifugo iliyoruhusiwa, mitaro iliyolazimishwa. Alituonyesha mtaro wa kwanza ambao mama yake aliuchimba, sasa umeota mwembe kwenye ukingo wake. Mwalimu aliupima kwa hatua zake, akauandika, akachora ramani ndogo upande wa kulia wa ukurasa. Mzee yule naye ametangulia. Hakuna mahali pengine popote ambapo maneno yake yameandikwa.

Mwaka 1994 Mary Tiffen, Michael Mortimore na Francis Gichuki walichapisha utafiti mkubwa juu ya Machakos ya zamani, Makueni ikiwemo, wakionyesha jinsi watu walivyoongezeka kati ya miaka ya 1930 na 1990 huku mmomonyoko wa udongo ukipungua, kwa sababu wakulima walichimba mitaro na kuitunza ardhi. Ni kitabu kinachosomwa katika vyuo vya dunia nzima. Mwalimu alikisoma na penseli mkononi, kisha akaenda kuwatafuta wanawake walioichimba mitaro hiyo kwa mwethya, yaani kazi ya pamoja. Alitaka kujua walikuwa wakiimba nini, nani alipangia nani siku ya zamu, mtoto mchanga aliachiwa nani. Kwa maoni yangu kanda hizo za wanawake ndizo zenye thamani kuliko vyote alivyoviacha. Watafiti wa zamani, kuanzia Charles Dundas hadi Msweden Gerhard Lindblom, waliegemea sana maneno ya wazee wa kiume. Mwalimu alikaa jikoni. Huko ndiko aliposikia habari za kuthuua, zile safari za kwenda kutafuta chakula kwa majirani wakati wa njaa, zikisimuliwa na wajukuu wa wanawake walionusurika Ngomanisye.

Mtaniambia kwamba nyaraka ziko Nairobi. Ziko, na Mwalimu alizisoma. Lakini anayetafuta historia ya kikoloni ya Makueni katika Hifadhi ya Nyaraka za Kitaifa hana budi kuichokora ndani ya mafaili ya Machakos, akitafuta jina la kilima au la chifu. Mafaili mengine hayapo kabisa. Kabla ya uhuru maafisa wa kikoloni walichoma baadhi na kuyasafirisha mengine Uingereza. Mwaka 2011, wazee wa Mau Mau walipokuwa wamefungua kesi London, serikali ya huko ilikiri kwamba ilikuwa imeyaficha Hanslope Park. Na si wakoloni peke yao. Tumewahi kukuta, katika ofisi moja ambayo hatutaitaja, vitabu vya kumbukumbu vya miaka ya hamsini vikiuzwa kwa kilo ili kufungia bidhaa dukani. Mwalimu alivinunua vilivyobaki kwa pesa yake ya pensheni. Vimo katika sanduku la tatu.

Ndonye wa Kauti wa Kilungu, aliyetabiri mwaka 1922 kwamba nchi itageuka na akakamatwa na kupelekwa uhamishoni pwani, anaonekana katika mafaili ya serikali kama mtu aliyerukwa na akili. Katika madaftari ya Mwalimu ana jirani, ana shamba, ana watu waliomsikiliza na sababu zao za kumsikiliza. Hali kadhalika maandamano ya Muindi Mbingu ya mwaka 1938, watu walipotembea hadi Nairobi kudai ng'ombe wao waliochukuliwa. Viongozi tunawajua, na mtaa wa Nairobi umepewa jina la Mbingu. Mwalimu aliwataka waliotembea, na walioachwa nyumbani wakichunga kilichobaki.

Na hapa nitasema neno ambalo yeye alilisema mara nyingi kwa uchungu. Kila mgeni akifika Kitui tunamwambia kwamba akiuzunguka mwamba wa Nzambani mara saba atageuka, mwanamume awe mwanamke na mwanamke awe mwanamume. Ni hadithi nzuri na wazee wanaisimulia vizuri. Lakini historia yetu haiwezi kuwa hiyo tu. Profesa John Mbiti, mzaliwa wa Mulango mwaka 1931, alikusanya hadithi za Wakamba kwa mamia na kuchapisha kitabu chake mwaka 1966, akiwa na vyuo vikuu nyuma yake. Tangu alipofariki Uswisi mwaka 2019 tumetoa hotuba nyingi za kumsifu. Kazi ya aina yake ilikuwa ikiendelea kijijini, bila posho na bila ofisi, na wengi wetu hatukuiuliza habari.

Sheria inawapa nguvu. Jedwali la Nne la Katiba linaziweka maktaba na makumbusho mikononi mwa kaunti. Sheria ya Ulinzi wa Maarifa ya Jadi na Maonyesho ya Kitamaduni ya mwaka 2016 inaitaka kila serikali ya kaunti iwe na sajili ya maarifa hayo. Na kwa wale watakaosema kwamba kaunti mbili haziwezi kumiliki kitu kimoja, Ibara ya 189 ya Katiba inaruhusu serikali za kaunti kuunda kamati za pamoja na mamlaka za pamoja ili kutekeleza majukumu yao. Tayari mko pamoja na Machakos katika jumuiya ya kiuchumi. Kama mnaweza kukaa meza moja kwa ajili ya maembe na barabara, mnaweza kukaa kwa ajili ya hili.

Tunachoomba si jengo. Tumesikia pia pendekezo la kuuita ukumbi mmoja kwa jina lake, na familia imelikataa kwa upole. Tunaomba chumba kimoja kikavu, chenye rafu za chuma zisizofikiwa na mchwa, mahali ambapo mtu wa Ikutha na mtu wa Kilungu wote wanaweza kufika kwa nauli ya kawaida. Tangu barabara ya Kibwezi, Mutomo na Kitui iwekwe lami, mahali pa namna hiyo hapakosekani. Tunaomba mtu mmoja aajiriwe, anayejua Kikamba cha Kitui na cha Mbooni, aziskani kurasa zote na kuzihamisha kanda kabla utepe haujashikana. Nakala zikikamilika, kila kaunti ipate seti nzima, isiwe nusu, na nyingine iwekwe Chuo Kikuu cha South Eastern Kenya pale Kwa Vonza ambapo wanafunzi watazitumia. Madaftari yenyewe yakae pamoja.

Kuna sharti, na hili si letu bali ni lake. Baadhi ya wazee walimweleza mambo kwa kumwamini: mahali patakatifu pa mathembo, ugomvi wa mashamba, dawa, aibu za koo. Kurasa hizo alizikunja pembe na kuzipiga mstari mwekundu juu. Alituagiza zisisomwe hadharani mpaka familia ya msemaji iulizwe na ikubali. Hifadhi itakayopokea masanduku haya lazima iliandike sharti hilo katika kanuni zake, na sisi tutakaa na msimamizi kumwonyesha kila ukurasa wa aina hiyo. Tukishindwa katika hilo, hakuna mzee atakayetufungulia mlango tena, na itakuwa haki yake.

Familia imekubali kuyakabidhi masanduku bila malipo yoyote, mradi yasigawanywe. Hivi sasa yako katika chumba chenye paa linalovuja upande mmoja; tumeyafunika kwa turubai na kuyainua juu ya matofali. Tunaomba kikao cha pamoja cha mawaziri wa utamaduni wa kaunti zote mbili, familia, na wawakilishi wetu, kabla mvua za Novemba hazijaanza. Tutakuja popote mtakapotuita, iwe Kitui au Wote, na tutakuja na orodha ya kila kilichomo.

Wenu,
Mwanakikundi, kwa niaba ya wenzangu wa pande zote mbili za Athi